Mwaga Maji ya Mjomba

Mwanangu Salome,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, inua macho uangalie ni nani aliye karibu nawe. Kama mjomba wako bado yupo hapo, ikunje karatasi hii uirudishe ulikoikuta, ndani ya mfuko wa unga, umpikie chai, umshukuru, usubiri aondoke. Nakusihi, mwanangu. Neno lolote la humu lisimfikie yeye, wala binamu zako, wala yule rafiki yako wa Scarborough asiyeweza kukaa na jambo hata kwa muda wa kumaliza sahani ya chipsi. Ukikwama kwenye neno usilisome kwa sauti. Ukimaliza, ichane vipande vidogo. Inaniudhi kwamba mtu mzima kama mimi analazimika kumwandikia mtoto wake kwa kujificha, lakini ndivyo tulivyofika.

Naandika nikiwa chumba cha kufulia, karatasi nimeiweka juu ya mashine, nguo zako zinazunguka ndani yake, ndiyo maana mwandiko unatetemeka. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako. Mjomba yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Kesho asubuhi atalifunga lile trela lake la kulala nyuma ya gari na kukupeleka nalo kaskazini, kwenye shamba la mzee mmoja aliyekubali liegeshwe hapo, na kanisa zima limeshasema una bahati: umepata kozi ya kuhudumia wazee, umepata na nyumba ya bure yenye kitanda, jiko na bomba, juu ya magurudumu. Mimi peke yangu ndiye niliyenuna. Jana uliniuliza nina nini nikasema kichwa. Si kichwa, Salome. Nina hasira. Ninayo tangu Aprili, na leo asubuhi imefika mahali ambapo haimezeki.

Sitakuandikia habari za soksi nzito na kula kwa wakati. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyamalizia wewe. Nataka kukuandikia habari za maji.

Ulikuwepo mezani asubuhi, ila ulikuwa na vile vidude vya muziki masikioni, kwa hiyo acha nikusimulie ulichokubali kwa kutikisa kichwa. Mjomba aliingia kutoka nje, mikono imelowa, ana furaha ya mtu aliyemaliza kuchimba kisima.

"Tangi limejaa pomoni," akasema. "Nimeweka mpira tangu alfajiri. Maji hayo utayatumia mpaka Krismasi."

"Kaka," nikasema, "huko anakokwenda yataganda mara tu akifika."

"Yatagandaje na moto upo? Salome, nisikilize. Baridi ikizidi unawasha majiko yote mawili ya gesi, unayaacha yawake unapolala. Unafungua makabati ya chini ili joto liyafikie mabomba. Na lile tundu la hewa pale darini ulizibe kwa matambara, linapoteza joto bure."

"Sawa, mjomba," ukasema.

"Gesi ikiwaka usiku kucha kwenye chumba kilichofungwa inaua," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ile ninayoongea nayo na bosi.

Akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, na hicho ndicho kinachoniudhi zaidi. "Mama Salome, kazi yako wewe ni kuandika majina ya matrela ya wazungu. Ukiandika jina la ng'ombe wangu utakuwa daktari wa ng'ombe?"

Anti yako akacheka. Binamu zako wakacheka, ingawa sidhani walielewa. Na mimi nikatabasamu. Nilitabasamu, nikamwongezea chai.

Ni kweli mimi ni karani tu. Nakaa dirishani kwenye ofisi ya yadi kule Malton, jirani na uwanja wa ndege, ndege zinapita juu ya paa mpaka kalamu zinacheza mezani, na watu wanaleta matrela yao yalale hapo wakati wa baridi. Naandika nani kaleta nini. Lakini nina masikio. Kulikuwa na mzee mmoja na mkewe ambao walikuja kila mwaka theluji ikikaribia. Mzee alikuwa ananiita Sally kwa sababu jina langu lilimshinda, na mimi sikumsahihisha. Mwaka juzi walichelewa. Akapiga simu binti yao. Alitaka kujua kama tunaweza kwenda kulichukua trela msituni, walikokuwa wamekwenda kuwinda. Nikamuuliza, kama ninavyouliza wote, wenyewe watakuja lini kusaini. Akasema hawatakuja. Walilala wakiwa wameacha jiko linawaka na madirisha wameyafunga. Baba yake aliogopa mabomba yasije yakapasuka. Akaniambia, kama vile mimi ndiye niliyehitaji kufarijiwa, kwamba polisi walisema hawakuhisi kitu. Sumu ya moto ule haionekani wala hainuki. Unalala tu.

Sikukusimulia wakati ule kwa sababu ulikuwa na mitihani. Siku zote ninayo sababu nzuri.

Sasa usidhani mjomba wako ni mjinga, au kwamba anakutakia mabaya. Ingekuwa hivyo ningekuwa na kazi nyepesi. Mimi na yeye tulizaliwa nyumba moja, nje kidogo ya Dodoma, na bomba la pale lilitoa maji siku lilipojisikia. Likikohoa tu, bibi yako aliita jina la kila mtu, na tulijaza kila kilichoweza kushika maji: madumu, sufuria, beseni, birika la chai, mpaka makopo ya maua ya kanisani yaliyoletwa kwetu kuoshwa. Maji ya kusuuzia nguo yalipigiwa deki, ya kupigia deki yalipelekwa kwenye mpapai. Kumwaga maji safi ardhini ni kitu ambacho sikuwahi kumwona mtu mzima akikifanya. Mjomba wako aliwahi kuchapwa kwa kuangusha dumu njiani, na hakulilia fimbo. Alililia dumu.

Na mimi ni wa hukohuko. Vuli yangu ya kwanza pale yadini, kabla ya theluji, niliwaona mafundi wakipita trela baada ya trela, wanafungua koki za chini, na maji safi kabisa yanatiririka kwenye kokoto. Sikuvumilia, nikachukua ndoo ya usafi nikaenda kukinga. Fundi mmoja akanitazama, akauliza, "Una mbwa?" Nikasema ndiyo. Mpaka leo ananiuliza mbwa hajambo, na mimi namjibu hajambo.

Kwa hiyo mtu wa kwetu anapoambiwa kwamba huku, ili uyaokoe mabomba, lazima ufungue kila koki uyaache maji yaende zake hadi tone la mwisho, akili yake inasikia lakini mwili unakataa. Kwake tangi lililojaa ni usalama. Hilo nalielewa. Wewe ulikuwa unazicheka chupa nilizojaza maji chini ya kitanda, na hukujua kwamba nikiamka naanza kwa kuzigusa.

Nisichokielewa, na kinachonichemsha, ni kwamba aliyaona matokeo kwa macho yake.

Vuli iliyopita alilifunga trela na maji yote ndani. Nilimwambia mara moja, kwa upole, nikiwa nimeshika mifuko ya sokoni, na aliposema "tutaona" nikajiona nimemaliza wajibu wangu. Maji yakiganda yanavimba, na bomba halina pa kujisogeza. Aprili, mbele ya watu wa kanisa waliokuja kulitazama, akawasha pampu. Unakumbuka. Maji yalitoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba la sinki. Yalitoka ukutani, chini ya kitanda, ndani ya kabati la nguo. Mjomba wako akageuka akakunyooshea kidole, wewe uliyekuwa unakwenda kusomea humo kwa sababu nyumba hii ina kelele.

"Huyu ndiye. Ameacha koki wazi."

"Kaka, ni barafu," nikasema.

"Barafu iko wapi, Mama Salome? Tazama jua lile."

Watu wakacheka. Wewe ukanitazama, ukingoja sentensi yangu ya pili. Sikuwa nayo. Ukaomba radhi kwa kosa ambalo hukulifanya, ukapewa tambara, ukapiga magoti kufuta. Mabomba akayaunga kwa gundi na vipande vya mpira wa baiskeli, na ndiyo hayo unayoondoka nayo kesho.

Nimeifikiria sana sentensi ile. Haikuwa ngumu. Nilisoma mpaka chuo cha uhazili, nimeandika barua za wakubwa kwa lugha mbili, naweza kutunga sentensi. Lakini huyu ndiye aliyetusainia karatasi za kuja. Tunaishi chini ya sakafu yake. Kila nikitaka kufungua mdomo nasikia viatu vyake juu ya kichwa changu, na naanza kuhesabu tutakwenda wapi na masanduku. Hapo ndipo nilipokosea, na si siku moja, ni miaka yote. Nilidhani woga wangu ni wangu peke yangu, kama ugonjwa wa mgongo, kwamba nikivumilia mimi wewe utapona. Sawa, mjomba. Asante, mjomba. Samahani, mjomba. Kiswahili chote kingine unanijibu kwa Kiingereza, ila hayo matatu unayasema bila lafudhi yoyote, kama mtoto wa Dodoma. Mimi ndiye niliyekufundisha, nikajivuna mbele ya wanawake wenzangu kwamba mwanangu ana heshima. Haikuwa heshima. Nilikufundisha kuogopa, na nilikufundisha vizuri sana.

Leo, gari la mjomba lilipoondoka, nilichukua koleo nikatoka nje. Nikalala chali kwenye lami ya baridi na koti langu la kazini, nikaitafuta koki ya tangi. Mkono ulikataa, Salome. Nimelijua jambo hili kwa miaka, naliona likifanyika kila vuli, na bado vidole vilikuwa vimeishika koki na havigeuki. Nikamfikiria yule binti kwenye simu. Koki ikafunguka.

Yalitoka kwa nguvu kuliko nilivyotegemea. Yakanilowesha mkono mpaka kwapani, yakashuka mteremko kuelekea barabarani. Nilipotoka chini ya trela nikamkuta wifi yangu, anti yako, amesimama na mikono kifuani. Hakuwa amekwenda kwenye kwaya, alisema miguu inamuuma.

"Wifi, unafanya nini?"

"Namwaga maji ya kaka."

"Yote?"

"Yote."

Akayatazama yakienda. Nilidhani atapiga simu kanisani. Akaingia ndani, akarudi na ndoo mbili, akainama, akaanza kukinga. "Basi angalau nipigie deki," akasema.

Tukakaa hapo wawili, yeye anakinga, mimi nafungua koki nyingine, kama tuko kwetu bomba limekohoa. Ndoo zilipojaa akauliza, "Akirudi nimwambie nini?"

"Mwambie ni mimi."

"Nimwambie nilikuona?"

"Mwambie uliniona."

Akafikiri. "Nitasema nililala," akasema, akabeba ndoo zake akaingia. Simlaumu. Alichokifanya ni zaidi ya alichowahi kukifanya mtu yeyote katika nyumba hii, kwa hiyo naye usimtaje, hata mwenyewe usimwambie kwamba unajua.

Lakini mjomba wako nitamjibu vipi? Pale mlangoni mwa trela kuna taa za kuonyesha kiasi cha maji. Ataziwasha, ataona tangi tupu, atajua kuna mkono wa mtu. Nimeifanyia mazoezi sentensi yangu hapa mbele ya mashine: Ni mimi, kaka, nimeyamwaga, na usilijaze tena. Mara inatoka, mara inakwama. Siwezi kukuahidi kwamba akisimama mbele yangu itatoka. Na hata ikitoka, anaweza kulijaza tena asubuhi, au hukohuko mtakakofika, kwa mpira wa yule mzee mwenye shamba. Kwa hiyo usitegemee mdomo wangu. Tegemea mikono yako.

Akilijaza, mwache alijaze. Mwambie asante. Mpungie mkono. Gari lake likishapinda na usilisikie tena, zima pampu na hita ya maji, uiache hita ipoe kabisa. Lala chini upande wa mlango. Nimefunga vipande vya kitambaa changu chekundu cha kichwani kwenye kila koki ili usibahatishe. Zifungue zote. Ndani fungua mabomba yote, ya moto na ya baridi, vuta na choo. Hita ina kizibo chake kwa nje, king'oe ukiwa umesimama pembeni, usikabiliane nacho. Kisha usifunge kitu. Kila kilicho wazi kikae wazi mpaka joto lirudi. Chini ya kitanda cha trela nimekuwekea madumu ya dawa ya rangi ya waridi, ya kuzuia maji yasigande. Imimine kwenye tundu la sinki, la bafu na la choo, maana bomba la chini lina kona ambayo maji yanabaki hata ukidhani yamekwisha. Ni hiyo ya waridi tu. Mtu asikupe ile ya kijani ya magari, ni sumu.

Baada ya hapo utaishi kwa dumu, ndani, karibu na kitanda. Utaoga chuoni. Utapasha joto kwa hita ya umeme niliyoifunga kwenye blanketi, na jiko la gesi litapika tu, ukiwa macho, dirisha likiwa wazi kidogo, kisha litazimwa. Lile tundu la darini usilizibe hata siku moja. Kwenye mfuko wa taulo kuna kengele ya sumu ya moto. Nimeijaribu, inalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Ibandike pale utakapolaza kichwa, na ikilia usiulize, toka nje hata uwe umevaa nini.

Kwako wewe kumwaga maji si kitu. Umekulia huku, unapiga mswaki bomba likiwa wazi, na nimekugombeza bure miaka yote. Kitakachokushinda si maji. Ni uso wa mjomba kichwani mwako, anayekwambia uache majiko yawake, na mdomo wako unaojibu sawa kabla hujafikiri. Ndiyo maana nimejificha huku kuandika. Mimi niliyekufundisha kumtii nakuomba usimtii. Hakuna anayeweza kukuambia hilo isipokuwa mimi, kwa sababu utii huo niliuweka mimi. Mdanganye ukihitaji. Mwambie majiko yanawaka vizuri, tangi limejaa, unamshukuru. Nitachukua mimi dhambi ya uongo huo, na nitalala nayo vizuri kuliko ninavyolala sasa.

Kama uliacha kuniamini tangu Aprili, una haki. Niamini kwa hili moja.

Mashine imesimama. Nasikia anti yako anapiga deki juu.

Sikiliza namna ya kunipata. Usipige nyumbani. Simu iko jikoni kwa mjomba na ni yeye anayeipokea, na atasimama karibu nikiongea. Kama mambo yatageuka nikaambiwa nihame, hiyo namba haitakufaa vilevile. Simu yako ya mkononi haitashika huko shambani, kwa hiyo nunua kadi, tumia simu ya chuoni, upige ofisini kwangu Jumatatu. Usipige asubuhi, bosi anakuwa amesimama nyuma yangu, na hataki tupokee simu za nyumbani. Piga wakati wa chakula cha mchana, ninapobaki dirishani peke yangu. Akipokea mwingine, usiseme wewe ni mwanangu. Sema una trela, unataka kuzungumza na karani anayeandikisha. Watanipa simu.

Nikipokea sitakuita jina. Nitakuuliza swali ninalomuuliza kila mteja kabla ya kuandika kitu chochote: Je, maji umeshayamwaga yote? Kama yuko mtu karibu na mmoja wetu, hutahitaji kusema zaidi ya neno moja. Ukisema ndiyo, nitakutakia siku njema kama mteja mwingine, niweke simu chini, nirudi kwenye kazi yangu. Ukisema bado, au ukinyamaza, nitavaa koti, nitamwambia bosi anitafutie mtu wa kukaa dirishani, na nitapanda basi la kaskazini nije niyamwage mwenyewe.

Mama yako